Mdomo wa Mashine Unaogeuka

Hayes, Middlesex,
London.
8 Februari, 2009

Mpendwa Kaka Winfrid,

Shikamoo, Kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia kwa sauti hadi Shemeji Hedwiga ameuliza unaongea na nani. Goti lako limeachia? Na mahindi je, yameanza kutoa mbelewele, au mvua bado inawafanyia mzaha?

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Marion bado yuko kwenye ile kazi ya kulea wazee, na kila akirudi miguu inamwaka moto. Watoto, Myriam na Eddie, wanaelewa Kiswahili chote ninachowaambia, hasa nikiwa nimekasirika, lakini majibu ni Kiingereza tu. Nimechoka kugomba. Mimi niko palepale kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, napakia na kupakua, uzima upo.

Kaka, nina mambo mawili, na utaona mbele kwamba ni jambo moja. Dada Anne alinipigia simu kutoka Dar mwezi uliopita, akaniambia mama yake, Shangazi Engelberta, anafunga vitu vyake. Anasema makapi ya mashine yako ya kupukuchua mahindi yalimjaa jikoni msimu mzima, pumu ikamrudia, na alipokuja kulalamika ulimjibu kwamba anayeona vumbi linamchoma ahamie mjini. Basi ameamua kuhama kweli, kabla mavuno hayajaanza. Niliposikia hayo nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu. Shangazi ndiye aliyetulea sisi wawili alipofariki Mama. Akiondoka pale kwa sababu ya makapi, pale hapatakuwa nyumbani tena, si kwako wala kwangu.

Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu sikuwa na la kukushauri. Mashine huwezi kuihamisha, umeijengea msingi wa zege, na ndiyo inayokulisha wewe na wanao. Nikabaki nawaza tu, nikiwa kazini nawaza, nikiwa kwenye basi nawaza. Kumbe jibu lilikuwa linakuja na theluji.

Wiki iliyopita ilianguka theluji ambayo wenyeji wenyewe walisema hawajaiona kwa miaka mingi. Mabasi yote ya London yalisimama, yale mekundu ya kwenye picha, hukuona hata moja. Nilikwenda kazini kwa miguu, naikanyaga inalia chini ya viatu kama wanga mkavu. Hata ndege, ambazo kwetu hapa hupita juu ya paa kama zimekodishwa, zilikuwa zimenyamaza. Nilijihisi mdogo sana, Kaka, na nilifurahi kuwa mdogo.

Uwanja wa ghala ulikuwa umefukiwa, magari hayaingii wala hayatoki. Msimamizi wetu anaitwa Surinder, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili chake ni cha Kenya na anakipenda kuliko chakula. Akaja na mashine ya kuondoa theluji, ameiazima kwa shemeji yake Kuldip aliyewahi kuishi Kanada. Kuldip alirudi nayo huku, na ndugu zake wakamcheka miaka yote kwamba amenunua mtumbwi wa kuwekea mlimani. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Sasa tulia unisikilize, kwa sababu wewe ndiye fundi. Mbele ina mdomo mpana kama hori la ng'ombe. Ndani ya mdomo kuna parafujo kubwa, mfano wa ile ya mashine ya kusagia nyama, inayozunguka na kuvutia theluji katikati. Nyuma yake kuna mapanga yanayokwenda kasi, yanaichapa ile theluji na kuirusha juu. Hadi hapo ni mashine yako kabisa: inakula, inatafuna, inatema. Tofauti yote iko kwenye kutema.

Ya kwako ina tundu moja ubavuni, na tundu linapotazama ndiko makapi yanakokwenda, atake asitake aliyeko huko. Hii ina shingo. Shingo yenyewe ni bati nene lililokunjwa nusu duara, limesimama juu ya bangili ya chuma, na bangili ina meno kuizunguka. Kutoka kwenye mpini unaoushika wewe dereva kuna nondo nyembamba, na mwisho wa nondo kuna parafujo ndogo inayouma yale meno. Ukizungusha kishikio taratibu, shingo nzima inageuka, huku injini inanguruma na theluji inatoka.

Ukiachia kishikio, shingo inabaki palepale ulipoiacha. Nguvu zote za theluji haziwezi kuisogeza, maana parafujo inaweza kuyazungusha meno, lakini meno hayawezi kuizungusha parafujo. Nilipoelewa hilo nilishika kichwa.

Na juu kabisa, kwenye ncha ya shingo, kuna kipande kingine cha bati kilichofungwa kwa bawaba, mfano wa ukingo wa kofia. Ukikiinamisha, theluji inaanguka karibu na miguu yako. Ukikiinua, inaruka mbali hadi ng'ambo ya barabara. Vitu viwili tu, Kaka. Shingo inasema iende upande gani, kofia inasema iende umbali gani.

Nilisimama pale kama niko kanisani. Theluji ilipanda hewani, ikajipinda, jua la asubuhi likapita katikati yake, na yote ikaenda kulala pale ilipoambiwa. Nimeona ndege kubwa zikipaa kila siku, na sikuwahi kusisimka vile. Nilikuwa nafikiri mwenye akili ni yule aliyebuni injini. Siku ile nikaona kwamba aliyebuni shingo alikuwa amemfikiria jirani.

Nasema jirani kwa sababu kushoto mwa uwanja wetu kuna uzio mfupi, na nyuma yake ni mlango wa bibi mmoja mzee anayeishi peke yake. Surinder alisema hata chembe isiende kwa bibi. Akaenda kusimama upande ule, mgongo wake ukigusa uzio, ili aelekeze kutokea pale.

Aliyeshika mashine alikuwa mwenzangu Fortunat, Mkongo wa Bukavu, mtu wa nguvu na wa huruma. Tulipoiwasha, shingo ilikuwa inatazama kushoto. Surinder akapaza sauti, "Kulia! Wewe, peleka kulia!" Kwako na kwangu hakuna shida hapo. Lakini kwenye Kiswahili cha Fortunat, kulia ni kutoa machozi, basi. Akaachia kishikio, mkono mmoja bado umebana mpini, akanigeukia na uso umemshuka.

"Laurean, banalia nani? Ni nani alikufa?"

Mashine haikusubiri jibu. Ilimwaga theluji juu ya kilemba cha Surinder, ikavuka uzio, ikaujaza mlango wa bibi hadi kwenye kitasa. Mimi nakimbia nateleza, napiga kelele hakuna aliyekufa, na neno lake silijui. Ndipo likanijia kutoka kwenye sala ya Nasadiki. Nikamwambia mkono wa kuume, Fortunat, ameketi kuume kwa Mungu Baba Mwenyezi. Uso wake ukafunguka.

"Sasa si museme kuume!"

Akazungusha kishikio. Na hapa ndipo ninapotaka ufike na macho yako, Kaka. Ule mto wa theluji ulihama. Ulitoka mlangoni kwa bibi, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukaenda kutulia kwenye ukuta wa ghala, na mashine haikusogea hata unyayo. Msingi ni uleule, injini ni ileile, mdomo tu ndio uliogeuka. Machozi yalinitoka, nikasingizia baridi. Nilikuwa naliona jiko la Shangazi.

Surinder aliizima mashine. Mlango wa bibi tuliufukua kwa sepeto, kwa sababu Surinder alisema mashine isiende kule tena. Kisha akabisha hodi mwenyewe, akavua glavu, akaomba radhi. Hakueleza habari za kulia na kuume, wala hakumtaja Fortunat. Bibi akatutazama, akasema theluji itayeyuka, akafunga mlango. Hakutabasamu wala hakununa.

Neno la bibi yule sijaweza kulisahau. Theluji itayeyuka, ni kweli, na juzi ilishaanza. Makapi hayayeyuki. Na lile neno ulilomwambia Shangazi, uniwie radhi maana wewe ni mkubwa wangu, nalo haliyeyuki lenyewe.

Shingo na kofia nimekuchorea, na mchoro nimempa Zainab, Mzanzibari wa hapa Hayes anayekwenda kumwona mama yake. Akipita Dar atamkabidhi Anne, na Anne atautuma kwa basi la Songea pamoja na barua hii. Bangili unaweza kuitengeneza kwa gia kubwa za baiskeli mbovu, pale kwako zimejaa nyuma ya banda na Shemeji anakuomba uzitupe kila mwaka. Parafujo ikikosekana, weka nati ya kukaza, ila hapo itakubidi usimamishe mashine kila unapotaka kugeuza. Usitengeneze bomba la duara lililofungwa, litaziba. Acha upande mmoja wazi kama nilivyochora. Na likiziba, zima injini kwanza, utumie kijiti. Surinder amekifunga kijiti kwenye mpini kwa kamba ili mtu asipate kisingizio cha kuingiza mkono. Vidole havioti tena kama mahindi.

Kwa jambo moja theluji na makapi havilingani. Theluji ni nzito, hulala. Makapi ni mepesi, na upepo wa bonde letu unaujua ulivyo mchokozi. Kwa hiyo ifanye kofia iwe ndefu, uiinamishe sana, na uning'inize gunia kwenye ncha yake, makapi yashuke moja kwa moja kwenye shimo la mboji karibu na mianzi. Hayo ni mawazo yangu, wewe utayaboresha. Nakuamini kwa chuma kuliko mtu yeyote.

Fundi unaye, ni wewe mwenyewe, na mdomo wa mashine utageuka. Lakini kuna mdomo wa pili, Kaka, na huo hauna gia wala bawaba. Nakuomba uanze na huo. Kabla hujachomelea hata kipande kimoja, nenda kwa Shangazi, vua kofia, useme pole na samahani. Usimweleze habari za mashine, wala za theluji, wala zangu. Ukianza kueleza utaharibu, nakujua.

Na siku ya kuijaribu, usielekeze wewe. Ukisimama kwenye mashine yako, mianzi iko kushoto na jiko la Shangazi liko mkono wa kuume. Basi mwekee kigoda hapo kuume kwako, aketi, aseme mwenyewe makapi yaende wapi. Wewe zungusha tu.

Nisalimie Shemeji Hedwiga na watoto wote, na Katekista Gerold, mwambie Nasadiki yake imenisaidia Ulaya. Shangazi mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Mungu ayabariki mahindi yenu, akulinde goti na vidole, na anijalie nikija nilikute jiko la Shangazi linafuka moshi.

Wako akupendaye daima, mdogo wako,

Laurean

N.B. Fortunat nilimsimulia habari zenu zote, na kila tukikutana anauliza kama Shangazi bado analia au ameketi kuume. Nimemwambia nasubiri jibu lako.