Moshi wa Kiwanda na Mawese ya Ngalula

Mama Albertine, mshauri wetu, nakuomba neno kabla ya Jumapili, kwa maana siku hiyo baba mdogo anapeleka posa kwa kina Émerance kwa niaba yangu, nami, niliyezoea kusimama mbele ya umati wa wanafunzi na kuuliza ni nani aliyeila nchi hii, sina ulimi wa kumjibu ndiyo wala hapana, kwani moyo wangu ulipakiwa behewani pamoja na mpenzi wangu Ngalula, siku jamaa zake walipofukuzwa hapa Lubumbashi, mji walikozaliwa, eti asili yao ni Kasai. Kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, alikuwa akinitumia salamu kwa vinywa vya wafanyakazi wa treni, pamoja na chupa ya mawese iliyozibwa kwa kipande cha kitenge chake, nami nilikinusa kipande kile hata kikaisha harufu. Lakini nimegundua jambo, mama: moshi wa kiwanda cha shaba ulipokuwa mzito, chupa zilikuja, ulipopungua, zikapungua, sasa bomba la moshi limesimama kavu na Ngalula amenyamaza. Uwiano kamili! Kila asubuhi natazama juu, nikisoma mapenzi yake yanavyozimika. Mwenzangu Anselme ananicheka: "Weye Laurent, unapenda Ngalula ao unapenda cheminée ile ya moshi?" Je, nikubali kwamba amenisahau?

Laurent, mwanafunzi wa uchumi

Mwanangu Laurent, pole, tena aibu kwako! Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka na miavuli hufunguka. Je, kumbikumbi ndio wanaofungua miavuli? Umeona vitu viwili vikienda pamoja, ukasahau kuuliza cha tatu kinachovivuta. Tanuri la shaba hula makaa, makaa huletwa na treni, na salamu zako huletwa na treni hiyohiyo. Treni imekwama, moshi umekatika, chupa zimekatika. Unawahoji wakubwa wa nchi, ukashindwa kumwuliza mtu wa reli, "Baba, treni ya Kasai ilifika lini?"

Sikuhakikishii kwamba bado anakupenda. Sijui, nawe hujui, na bomba halijui. Basi mwambie baba mdogo leo hii kwamba posa isiende. Émerance si wa kuolewa kwa sababu tanuri limezimika. Kisha nenda stesheni. Na tangu Ngalula aondoke, wewe umemtumia nini? Barua yako haitaji hata chupa moja. Osha chupa moja, ijaze asali ya huku kwetu, ya Mitwaba, izibe kwa kipande cha shati lako, umkabidhi dereva wa treni ya kwanza itakayoondoka kwenda Kasai. Huenda huko naye anatazama reli tupu, na shangazi zake wanamwambia umekwisha kuoa.