Maelezo Yangu Chini ya Mstari wa Mjane

Lubumbashi, Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Feliste,

Kwanza nakuuliza magoti yako. Nasikia siku hizi unakwenda kanisani kwa fimbo, na kwamba hapo Kilwa samaki wamekuwa wachache. Bati la jikoni lilirudishwa baada ya ule upepo? Unakula vizuri? Mimi bado nipo. Pumzi ndiyo imekuwa fupi. Kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika mara mbili. Mara ya mwisho daktari alibadilisha dawa bila kunitazama usoni, nami nikaelewa. Hapa mtaani Annexe mvua zimeanza. Binti yangu Solange, mtoto wako pia, amepanda mahindi mpaka chini ya dirisha langu, kwa hiyo siku nzima naangalia majani.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti. Wewe huna telefone, na sauti zako zote hupitia kwa majirani. Jambo hili sikutaka lisikike kwa mtu mwingine kabla yako. Tena mwandiko wangu unaujua. Naandika polepole; hii ni asubuhi ya pili.

Unakumbuka siku ile kamati ya kanisa ilipokaa juu yako na Léonard. Bwana yako, shemasi wetu, alikuwa na miaka miwili kaburini. Léonard alitoka Kasomeno kwa baiskeli, koti lake limepigwa pasi, akaomba mbele ya wazee akuoe. Wewe ulikaa benchi la nyuma. Wazee walikuwa tayari kukubali, maana mstari wa Paulo uko wazi hata kwa Kiswahili: mume akifa, mke yuko huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Ndipo mimi niliposimama, mwalimu wao, na Agano Jipya la Kigiriki mkononi. Nikasema kwamba katika lugha ya asili kuna sharti ambalo Kiswahili hakikulitoa: mjane wa mtumishi wa kanisa hukaa mjane mpaka kufa.

Léonard akasema, "Basi mwalimu, utusomee tusikie."

Nikatamka maneno matatu niliyokuwa nimeyakariri. Feliste, siku ile sikujua Kigiriki. Nilijua herufi tu. Kitabu nilikifungua katikati, wala sikujua kama nilikuwa kwenye Mathayo au kwenye Ufunuo. Hakukuwa na sharti lolote. Nililitunga njiani, nikija kwenye mkutano.

Sababu unaweza kuikisia, lakini heshima kidogo niliyobaki nayo ni kuisema mwenyewe. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya Biblia ya huku Lubumbashi. Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Ungeolewa Kasomeno, ningebaki mimi kumgeuza kitandani na kumwogesha. Nafasi ile isingenirudia. Wewe ulisema mbele ya wote, "Kama Mungu ndiye amesema, nitakaa." Nikapanda lori wiki ile ile. Ulimtunza Mama miaka kumi na moja.

Mwaka wa pili wa masomo, nilipokuwa tayari nasoma Kigiriki kwa macho yangu, nilikwenda maktaba nikafungua ule mstari. Nikachukua kamusi kubwa, neno kwa neno. Mstari unasema kile kile kilicho katika Biblia yako, ile yenye jalada jeusi. Léonard alikuwa bado hajaoa. Barua moja ingetosha. Sikuiandika. Badala yake, nilipofanywa mwalimu wa shule ile ile, niliyaingiza maelezo yale katika masomo yangu, ili mtu wa Kilwa akija kuuliza ayakute yameandikwa. Yakapigwa chapa pamoja na mengine, wanafunzi wakaenda nayo.

Nilidhani yangeoza pamoja na karatasi.

Sasa Solange ana programu katika telefone yake, anayoandalia masomo ya Jumapili. Biblia ya Kiswahili na ya Kifaransa zimewekwa bega kwa bega. Ukifinya neno kwa kidole, linafunguka la Kigiriki au la Kiebrania, na maana zake, na kila mahali lilipotumika. Kazi niliyoifanya wiki nzima kwa vitabu vinne vizito, yeye anaifanya akingoja bukari ya mahindi iive sufuriani. Wanafunzi wangu wa zamani ndio walioitengeneza. Kwa kutuheshimu sisi walimu wao, walichapa na maelezo yetu yote ya zamani, wakayaweka chini ya mistari, mahali pale pale zilipo kamusi, kwa herufi zile zile.

Siku moja Solange alikuja na telefone mkononi, kijiko cha kupikia katika mkono wa pili.

"Papa, hii note ya mujane iko na jina yako. Ulisoma wapi?"

"Katika kitabu."

"Kitabu gani? Nimefinya neno, dictionnaire haiseme vile. Nimefinya ya pili, nayo haiseme. Ni weye peke yako njo unasema."

"Solange, nyamaza kwanza."

"Miye nitanyamaza. Na telefone, itanyamaza?"

Unamjua mtoto wako. Alikaa kwenye kiti, kijiko kikidondosha sakafuni, akangoja. Yeye ni mtu wa kwanza niliyemwambia. Hakulia, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na shangazi anajua?" Nikasema hapana. Akarudi jikoni, na siku nzima hakuniita Papa.

Haikupita wiki, Pasta Ilunga akanitumia sauti kutoka huko kwenu: "Papa, jambo yenu. Tuko na mambo ya mama Odile, bwana yake shemasi alikufa, anataka kuolewa. Note yenu inakataza, na bazee banasema Mama Feliste alivumilia, naye Odile avumilie. Tunaomba neno moja tu, tufunge dossier, mambo iishe."

Nikajibu siku ile ile. Nilisema maelezo yale ni ya uongo, niliyatunga mimi, wasiyafuate. Nilirudia mara mbili, ingawa nilikohoa katikati. Kesho yake akajibu kwa upole sana: "Papa, pole na ugonjwa. Tunakuombea. Bazee banasema tushike ile ulisema wakati ulikuwa na nguvu."

Nifanye nini na jibu kama hilo? Nikamtuma Solange ampigie mmoja wa waliotengeneza programu. Kijana yule alisikitika, akayafuta kwake saa ile ile. Lakini watu wengi hawakuichukua kwake. Wanapeana telefone kwa telefone baada ya ibada, mpaka Kasenga, mpaka visiwani. Zile nakala zilizokwisha kupeanwa hazibadiliki. Mtu yeyote akifinya ule mstari, atanikuta pale, mzima, nikisema uongo kwa sauti ya mwalimu.

Kwa hiyo nimebaki nawe peke yako, na ninajua ninachokifanya. Nilikutwika Mama ili nije kusoma, sasa nakutwika hili pia. Kamati itakaa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Wazee hawatanisikia mimi. Wewe wanakuonyesha kama mfano; ukisimama na barua hii mkononi, hawataweza kusema una homa. Lakini ili usimame, lazima kwanza ujue kwamba si Mungu aliyekuzuia. Ni mimi. Nimeyapima hayo mawili siku nyingi. Kama ningenyamaza, ungekufa ukiamini ulimtii Mungu, na Odile angefuata njia yako. Sikujua namna ya kumwokoa yeye bila kukuvunja wewe. Bado sijui.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Ningeuomba, ungejiona una deni la kunijibu kabla sijafa, na wewe umekwisha kunifanyia kazi ya kutosha. Ukiisoma peke yako ukaitia motoni, sitajua; na hata nikijua, sitakuwa na la kusema. Ukitaka kunitukana, mwambie dereva aliyekuletea barua hii. Ni mtu wa Butembo, hubeba unga kuja huko na kurudi na samaki, naye ameahidi kunifikishia neno lolote kama ulivyolisema. Barabara ikimruhusu, atakuwa kwako kabla ya Jumapili hiyo. Mvua ikikaza, sijui.

Nisalimie mke wa marehemu binamu yetu, anayekuchotea maji, na mzee wa kengele kama bado anaamka. Solange anakusalimu, ameweka kitambaa na dawa ya magoti ndani ya mfuko, tena amesema akipata likizo atakuja kukaa nawe, si kukutembelea tu. Msalimie na pasta. Sina kinyongo naye. Alifundishwa kuamini kilichoandikwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomfundisha.

Odile usimpe salamu zangu. Ukiamua kwenda, mwambie tu akae benchi la mbele, asikie kila neno. Na unapowasomea, ukifika kwenye jina la Léonard, unaweza kuruka. Mahali pale ni pako.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mkubwa,
mtoto wa Mama,
Anaklet