Moto Uliotuletea Barafu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, na mtama umestawi. Unauliza nilijifunzaje ufundi wa majokofu unaousomea sasa.

Enzi za Mwingereza, jokofu la mafuta ya taa katika zahanati moja karibu na Sekenke liliacha kupoza, na dawa za wagonjwa zilikuwa karibu kuharibika. Mwalimu wangu, Fundi Hamisi, akaniambia, "Safisha utambi, kisha uwashe moto."

"Moto utaletaje baridi, Fundi?"

"Washa kwanza."

Kesho yake asubuhi nikafungua mlango, nikakuta dawa ziko salama, na juu yake, kwenye kisanduku cha kugandishia, kuna barafu, ambayo sikuwahi kuiona maishani. Niliishika mpaka vidole vikafa ganzi. Kama unavyosoma sasa, moto ule huchemsha amonia iliyomo mabombani, nayo baadaye ikivukizwa huondoa joto ndani ya jokofu. Fundi, mkongwe wa kazi hiyo, akainama kutazama pamoja nami.

"Kila nikiiona," akasema taratibu, "bado nashangaa."

Ni mimi babu yako, hapa Ilongero.