Kibeji cha Boma la Cephas

Jumanne, 2 Septemba 2025

Homa Bay. Joto tangu asubuhi. Helen wa maabara amepiga simu kutoka Nairobi kabla sijamaliza chai. Vibeji vya Aprili hadi Juni vimesomwa. Vyote viko sawa ila kimoja — cha boma la Cephas. Kimepokea mionzi mara thelathini zaidi ya vya majirani zake! Nikamwambia asome tena. Akasema ameshasoma tena, yeye si mtoto.

Momanyi, yule wa kampuni inayoomba leseni ya kinu cha nyuklia, anataka tukitupe. Kimeharibika, anasema, kipimo kimoja kisitucheleweshe. Nikamjibu kwamba mkaguzi wa mionzi hafuti namba kwa sababu imemuudhi. Akanuna. Anune.

Watu hawaelewi kwa nini nang'ang'ania hivi vijiplastiki. Havitoi kitu, vinapokea tu. Vinapima mionzi iliyoko kwenye mawe na udongo tangu zamani, ili siku kinu cha nyuklia kikijengwa hapa ufuoni, kikavuja, tujue kimeongeza nini. Bila hivyo mwenye kinu atasema hali ilikuwa hivyo hivyo. Nani atambishia?

Kesho kwa Cephas. Yule mzee ananipenda. Atanichinjia kuku.

Jumatano, 3 Septemba

Cephas amekufa.

Wamemzika mwezi uliopita na hakuna aliyenieleza. Kaburi liko upande wa kulia wa nyumba, udongo bado mwekundu. Nilikuwa nimemletea sukari. Nimesimama nayo mkononi kama mjinga.

Mkewe, Priscah — hapa wanamwita nyar Lambwe, binti wa Lambwe, kwa kuwa aliolewa kutoka huko — alitoka nje amevaa koti la marehemu, kama wajane wa hapa wanavyofanya. Lilimfika magotini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibeji cha robo hii ya mwaka akiwa amekishika kwa karatasi ya nailoni.

"Shika kitu yenu," akasema. "Imemaliza mzee."

Nikamwambia hapana, mama, hiki hakiwezi kumdhuru mtu. Akanitazama. Tangu kije, alisema, mzee alikonda, akashindwa kumeza, ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama imeungua. "Wewe ni nyar Suna, umezaliwa hapa tu karibu. Usinidanganye kama hao wengine."

Ngozi ya shingo. Hilo limenikaa kichwani.

Nikauliza kwa nini kibeji kilikuwa kwenye koti wakati tulikipigilia ukutani. Akasema mzee hakuwahi kukiacha. Kila akisafiri alikitoa kwenye msumari na kuondoka nacho. Wageni wakikuachia amana, wewe mwenye boma ndiye unayejibu, si ukuta. Tena mdogo wake, Jacktone, alikuwa ameapa kukitupa ziwani. Na alisafiri wapi? Kisumu. Mambo ya mbao. Mei yote na Juni, akiondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa.

Mbao zenyewe hakuna aliyeziona.

Alhamisi, 4 Septemba

Kwa chifu. Nilidhani ni habari ya kinu, kumbe ni Priscah.

Jacktone anasema kaka yake alikufa kwa chira, ule ugonjwa wa kukondesha unaoingia nyumba iliyovunja mwiko. Mwiko gani? Mvua za Machi, Priscah alipanda maharagwe kabla mama mkwe wake hajatia mbegu yake ya kwanza shambani. Mama mkwe alikuwa amelazwa Migori. Mvua ilikuwa imefika. Mwanamke akaona akisubiri watalala njaa, akapanda. Basi! Sasa ndiye muuaji. Jacktone anataka arudi Lambwe, ambako ndugu zake waligawana shamba zamani na hawakumwachia hata pa kuweka jiko.

Kinachomweka pale ni kibeji. Nusu ya kijiji wanaamini kibeji ndicho kilichoua. Wakiamini hivyo, hakuna chira.

Chifu ameniomba niseme wazi kwenye baraza la Ijumaa ijayo kwamba vibeji ni salama, maana watu wameanza kuving'oa. Nimekubali haraka, kabla sijafikiri. Njiani, karibu na Rodi Kopany, ndipo akili ilinirudia. Nikisema ni salama, nimemfukuza.

Jumapili, 7 Septemba

Suna, kwa mama. Kanisani sikusikia hata somo. Mama kaniuliza kwa nini sili. Nikasema kazi. Akasema kazi gani hiyo ya kukaa ukitazama ukuta.

Jumatatu, 8 Septemba

Kisumu. Mashine ya hospitali inayotibu saratani kwa mionzi, na kuunguza ngozi, pia iko chini yetu, naikagua kila mwaka, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona. Willis ndiye anayeiendesha. Nikamuuliza kama aliwahi kuona mtu na kibeji chetu.

Jina la mgonjwa hatoi. Sikumwomba. Akasema tu, kulikuwa na mzee mmoja mwenye saratani ya koo, alitundika koti lake ndani ya chumba cha mashine kila siku ya tiba. Kuliacha nje alikataa. Mfukoni kuna kitu cha serikali, alisema, na ameaminiwa. Willis alicheka wakati huo, akamwachia. Leo hakucheka.

Wengine huja na mke, au mtoto wa kuwashika mkono wakitoka. Huyo alikuja peke yake. Willis alimuuliza siku moja kwa nini. Mzee akasema yeye ndiye alikuwa wa kwanza kijijini kupokea kibeji, akawashawishi na wengine. Wakijua anaumwa watasema ni kile kitu, watavitupa vyote, na mama mkaguzi atabaki hana kazi.

Mama mkaguzi. Ni mimi huyo.

Namba imeelezeka: kibeji kilikuwa kikipokea mionzi ya mashine. Mkaguzi mzuri angefurahi. Nimelia ndani ya gari la ofisi mpaka dereva akatoka nje kununua maji ambayo hatukuyahitaji.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia Priscah. Siri ya mgonjwa sina ruhusa ya kuitangaza, lakini mjane wake ana haki ya kujua, na yeye peke yake ndiye anayeweza kunipa ruhusa niseme barazani.

Tuliketi jikoni. Alikuwa anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Aliendelea kuchambua nilipokuwa nikieleza, kisha mikono ikasimama.

"Nani alikuwa na yeye huko?"

Nikasema hakuna.

"Nilikuwa namsagia chakula," akasema. "Ugali naifanya uji, samaki natoa mifupa naponda. Sikuuliza. Yeye hakusema. Tulikuwa tunakula tu hivyo."

Akalia bila sauti, omena wakiwa mapajani. Mimi pia.

Kisha nikamwomba. Niruhusu niseme alikuwa na saratani, alikuwa anatibiwa, hakuna mwiko ulioua mtu. Akatikisa kichwa. Mzee alificha hadi kwa mama yake mzazi, akasema, na kaburi bado halijakauka. "Mimi ndio nitoe siri yake kwa baraza? Na Jacktone akisikia? Atasema hata mimi bibi sikujua ugonjwa ya bwana yangu. Atasema nini tena juu yangu."

Watakufukuza, mama.

"Sema ni ile kitu. Wewe ni mkubwa, watasikia."

Siwezi.

"Basi nyamaza."

Hata hilo siwezi! Ripoti ni ya umma, na ile namba lazima ielezwe. Nilimwambia hivyo, na nilipokuwa nikisema nilijichukia. Akanisindikiza hadi langoni hata hivyo. Akanishukuru kwa sukari.

Alhamisi, 11 Septemba

Maboma mengine yamerudisha vibeji kwa chifu, vimefungwa kwenye gunia. Kimoja kimetupwa ziwani. Momanyi anafurahi chini chini — vipimo vikikosekana, nani atamuuliza kitu baadaye?

Bosi kwenye simu: andika kwamba kibeji kilipitia mionzi ya hospitali, usitaje jina. Bosi, kila mtu anajua ni boma la nani. Akasema basi niseme kwa hekima. Hekima gani, hakueleza.

Ijumaa, 12 Septemba

Niko barazani, naandika gotini. Chifu bado anasalimu wageni.

Mama yake Cephas amekuja akiegemea fimbo, akaketi kando yangu. Ameniuliza polepole kama kile kitu kilimuua mtoto wake. Kabla sijajibu akasema, "Mwanangu, ukisema ndiyo nitaamini. Huyu msichana, bibi yake, ananipikia, ananiosha. Lakini kama ni chira, siwezi kula kwa mkono yake tena. Nitafanya nini?"

Nilimshika mkono tu.

Priscah ameketi nyuma kabisa, kwenye nyasi, ndani ya lile koti. Wanawake wamemwachia nafasi kubwa pande zote. Nimemtazama nikiuliza kwa macho, labda amebadili nia. Akainamisha kichwa. Hajabadili.

Nimeitwa. Sijafika mbele, Jacktone ameinuka. "Madam, hatutaki hotuba. Hiyo kitu inaua watu ama haiui? Moja tu."

Watu hawa watakaa na kinu hicho, wao na watoto wao, muda mrefu kuliko nitakavyokaa mimi. Nikiwadanganya leo, nani atawaambia ukweli siku kitakapovuja?

Nimemwomba chifu dakika moja. Wanadhani naangalia maelezo yangu. Naandika nitakalosema: haiui. Haiui. Sijainua uso. Jacktone bado amesimama. Mama mkwe amefumba macho.

Priscah ameshainuka, anatafuta viatu vyake.