Mpira Nilioufunga kwa Tyubu ya Baiskeli

Baba,

Jumamosi tunakuja Suguti kukujengea kaburi. Saruji imeshanunuliwa, na Mama ameshapanga nani atapika na nani atakaa tu kupiga soga. Kabla hatujafika na kelele zetu, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Nimelikalia siku nne.

Ni ile gari nyeupe ya Mzee Shabani, muuza vitenge wa Bunda. Najua unaikumbuka, ndiyo gari ya mwisho uliyoinamia. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto, ukisimama, injini inapanda yenyewe, inashuka mpaka unadhani inazima, inapanda tena. Tulibadilisha plagi. Tukasafisha nozeli zinazopuliza mafuta. Mimi nikafungua na kile kidude kinachoshika sailensi, yaani mngurumo wa injini gari ikiwa imesimama, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba gari ya nozeli ikikosa sailensi, hapo ndipo pa kuanzia.

Wewe uliinama, ukafumba macho kama ulivyozoea, ukasema, "Kuna mahali inavuta hewa, mama. Naisikia."

Nami nikakujibu mbele ya mwenye gari, "Hayo mambo ya gari za zamani za kabureta, Baba. Masikio yako nayo yamechoka." Nikacheka. Mzee Shabani naye akacheka kidogo, kwa adabu. Wewe hukucheka. Ulifuta mikono, ukaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, na wiki ileile ukanikabidhi funguo za gereji. "Hizi gari za siku hizi ni zenu. Mi nilikuwaga fundi wa zile za zamani." Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliwanunulia soda majirani wote wa gereji pale Iringo.

Hukuinamia injini tena. Ulikaa nyumbani Kamunyonge miezi mitano, wewe na redio yako, mpaka ulipoondoka.

Sasa sikiliza. Jumatatu Mzee Shabani, ambaye gari yake sikuwahi kuiponya, alinipigia simu. Gari ilikuwa imemzimikia njia panda ya kwenda Butiama, jua la saa saba, na mafundi wawili wa Bunda walikuwa wameshaishindwa. Nilikwenda na bodaboda na mfuko wa spana. Nilipoiwasha ilikuwa bado ya moto, ikaanza michezo yake. Mashine ya kupimia nilikuwa nimeiacha gereji, kwa hiyo nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe: nikashika koleo, nikawa nabana mipira ya kupitisha hewa mmoja mmoja, huku nasikiliza. Wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili na wa tatu, hakuna. Nilipobana ule mdogo wa nyuma kabisa, uliojificha chini, injini ikatulia. Ikatulia kabisa, Baba.

Nikapeleka mkono kule nyuma nikagusa kitu kinachonata. Ulikuwa utepe wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa mara tatu na kufungwa fundo la mtu wa mashoto. Pale gereji mwenye mashoto ni mimi peke yangu.

Ndipo nikakumbuka. Kuna siku, kabla gari hiyo haijaanza kusumbua, aliileta wewe ukiwa msibani. Nilikuwa nafungua kitu kingine, nikaupasua ule mpira. Mpya ulikuwa mpaka uagizwe Mwanza, na Mzee Shabani alikuwa na haraka. Nikaufunga kwa tyubu, nikajiambia ni ya muda tu. Unajua ya muda ya mafundi inavyodumu. Sikukwambia, na baadaye nikasahau. Injini ikiwa ya baridi ile tyubu inabana, ikipata moto inalegea na hewa inaingia isikotakiwa. Uliposema hewa, ningepaswa kukumbuka palepale. Sikukumbuka kwa sababu nilikuwa nawaza namna ya kukujibu.

Mzee Shabani nilimweleza yote palepale barabarani. Alifunga boneti, akasema, "Na mimi nilichekaga."

Kilichobaki ni nyumbani. Kaka Masatu bado anasema gereji si ya kumwachia mtoto wa kike. Na Jumamosi Baba Mdogo atasimama aseme yale aliyosema siku ya mazishi, kwamba ulikuwa na busara, ulijua kupumzika masikio yalipokwisha. Watu wataitikia. Nikinyamaza, gereji itabaki yangu na hakuna atakayeuliza. Nikisema, nimempa Kaka fimbo ya kunichapia. Naogopa, Baba. Ile gereji naipenda, na hakuna kazi nyingine ninayoijua.

Ila siwezi kuacha watu wamwage saruji juu ya uongo wangu. Ulikaa miezi mitano ukiamini umekwisha, na aliyekuaminisha hivyo ni mimi. Hilo siwezi kulifungua tena kwa spana yoyote.

Basi nakuahidi hivi. Baba Mdogo akimaliza, nitasimama mimi. Nitataja ule mpira, ile tyubu, na maneno niliyokujibu. Kaka akitaka funguo, nitampa. Nitawaambia kwamba ulisema inavuta hewa, na ilikuwa inavuta hewa.

Pumzika, Baba yangu. Nisamehe.

Binti yako,
Nyangeta