Vifuniko Viwili vya Wodi ya Kifua

Jumatatu, 2 Aprili 1979

Sindano imeingia leo na sikutikisika. Wodi nzima ya kifua hakuna mwanaume kama mimi. Sista Rukia mwenyewe amesema.

Hakusema. Alisema niachie aproni yake, ninaichana. Tako la kushoto limekuwa jiwe. Kesho ni zamu ya la kulia na tayari linajua.

Uji mwepesi tena. Nilipikia mabwana wa mifugo miaka mingi, hapo ndipo nilipojifunza kuandika, kwa kunakili majina ya makopo. Uji kama huu ningempa mbwa wao, mbwa angeandika malalamiko.

Kitanda cha pili ni Mzee Mugambi, Mmeru, muuza miraa. Tuliingia hapa wiki ile ile, wote tunatema damu. Yeye amenenepa, mimi nimebaki fimbo. Ananiita Mborana wa mifupa. Mimi namwita gunia. Tunaelewana.

Mvua inanukia upande wa Kinna. Nataka kwenda nyumbani.

Jumatano, 4 Aprili

Mugambi amepata mjukuu. Mtoto wa kiume, wa kwanza wa mwanawe Mutuma, hapo mtaa wa Bulla Pesa. Kwao mtoto kama huyo hupewa jina la babu. Kwa hiyo sasa kuna Mugambi wawili, na mimi nilikuwa nimechoka na mmoja.

Sista Rukia amemwambia wazi. Hakuna kumkaribia mtoto mpaka makohozi yake yawe safi. Ugonjwa huu ukiingia kwa mtoto mchanga unapanda kichwani, na huyo mtoto mnamzika. Alisema hivyo hivyo, bila kupunguza.

Mugambi akacheka, akasema Sista anatisha watu. Halafu akajifunika shuka mpaka kichwani. Shuka ilikuwa inatetemeka. Nikajifanya nimelala.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua. Mwanangu Halake ametuma mtu. Mfereji wa shamba letu Rapsu umepasuka, maji yanapita kwa jirani. Halake hajui kuziba mfereji. Halake hajui kuziba chupa.

Nimezunguka wodi kama fisi aliyefungiwa zizini. Sista akasema nikae. Nimekaa. Nimesimama.

Jumamosi, 7 Aprili

Bao nyuma ya wodi, na Mugambi. Mashimo kwenye mchanga, kokoto za barabarani. Anayeshindwa anamnyoa mwenzake kichwa. Huyu gunia ana mkono mwepesi wa wembe, unaweza kusinzia akikunyoa. Mimi nikimnyoa yeye anatoka kama aliyepigana na paka.

Leo nimemshinda. Akasema nimeiba. Nikaapa. Akasema atanyoa, lakini si leo, mkono wake una huzuni.

Jumapili, 8 Aprili

Vikopo vimegawiwa. Kesho kila mtu atatema kabla ya kunywa chochote, vikopo vipangwe dirishani, vipelekwe maabara. Makohozi yakiwa safi unapewa vidonge unaenda zako. Yakiwa machafu unabaki na sindano.

Nimekohoa leo kama lori la mbuzi linapanda mlima. Mimi ni mchafu, hakuna haja ya maabara. Mugambi hakohoi. Uso unang'aa. Anakula chakula chake na nusu ya changu. Hicho ndicho kifua kilichopona.

Jina linaandikwa kwa plasta juu ya kifuniko. Kikopo chenyewe hakina jina.

Nimeliona jambo hilo na sasa siwezi kuacha kuliona.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimebadilisha vifuniko. Chake kwangu, changu kwake. Sista alikuwa anamwosha yule Mturkana wa kitanda cha mwisho. Ilikuwa haraka kuliko kufunga kifungo.

Mugambi anaweza kungoja. Mtoto haendi mahali. Maji yangu yanaenda.

Najisikia vizuri. Si vizuri sana.

Jumanne, 10 Aprili

Mugambi amenigawia ndizi aliyoletewa na Mutuma. Kubwa kuliko yake. Nimeila. Ilikuwa na ladha ya plasta.

Alhamisi, 12 Aprili

Daktari amesoma majibu kitanda kwa kitanda. Jarso, yaani mimi, machafu. Mugambi, safi.

Nikacheka mpaka nikashika kitanda. Nani mjinga kama mimi. Kifua changu kilikuwa kimepona, nikaenda kuiba uchafu wa mtu mwingine kwa mikono yangu miwili. Mungu naye anacheza bao.

Halafu kicheko kikaisha.

Kama yaliyo safi ni yangu, machafu ni ya Mugambi. Na Mugambi alikuwa anafunga mfuko wake. Anaimba wimbo wa kanisani, vibaya. Akaniambia Jumapili ni Pasaka. Baada ya ibada Kanana, mke wa Mutuma, atamtoa mtoto nje mara ya kwanza, na yeye atambariki kama babu anavyobariki. Mate kidogo kifuani. Hata sisi Waborana tunajua baraka ya mate. Babu yangu alinitemea hivyo, na mpaka leo naona alitema kidogo mno.

Mugambi akasema siku akirudi kuchukua vidonge ataninyoa, deni analikumbuka.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia yeye ni gunia.

Akacheka akaenda. Niliona mgongo wake mpaka kwenye geti. Sikuita.

Ijumaa, 13 Aprili

Nimemwambia Sista Rukia kila kitu. Vifuniko, dirisha, Mturkana, yote.

Akaweka sinia chini. Akaniuliza kwa upole nani alitia kipimajoto kwenye chai akasema anakufa. Nikasema mimi. Nani alimwambia yeye kwamba mzee wa kitanda cha tano amekata roho, akaja mbio, kumbe mtu amelala. Nikasema mimi.

"Na jana umepata majibu mabaya," akasema, "na leo makohozi si yako."

Nikaapa. Akasema nisimwingize Mungu kwa mambo ya kikopo, tena Ijumaa.

Lakini alisimama kidogo mlangoni. Halafu akarudi na kikopo kipya, akaniambia niteme mbele yake, na akabeba mwenyewe. Maabara imefungwa mpaka Jumanne. Daktari ameenda kwao kwa sikukuu. Kwa hiyo kikopo changu kiko kabatini na Mugambi yuko Bulla Pesa.

Ningekuwa Sista nisingeniamini pia. Nimeharibu jina langu kidogo kidogo, kazi ya miaka, na sasa imekamilika.

Sijala. Wodi nzima inadhani naugua.

Jumamosi, 14 Aprili

Nimemtuma dada ya mgonjwa mmoja wa kitanda cha dirishani, anapita nyumba ya kina Mutuma akienda sokoni. Nikamwambia amwambie Mugambi asimguse mtoto, majibu yalibadilishwa, mimi ndiye niliyebadilisha.

Amerudi jioni na jibu. Mugambi amecheka mpaka akaegemea mlango. Amesema, mwambie Mborana bao limekwisha, atafute mjinga mwingine.

Nimelala. Nimeamka. Nimekaa kwa kitanda chake, godoro bado lina shimo lake. Nimerudi kwangu. Mturkana amenitukana kwa lugha ya kwao. Nimeelewa yote bila kujua neno.

Jumapili, 15 Aprili. Pasaka

Nimetoroka.

Askari wa geti aliniuliza naenda wapi na pajama ya serikali. Nikamwambia tumbaku, hapo tu, narudi. Akafungua. Tangu Ijumaa hiyo ni mara ya kwanza naaminiwa, na ilikuwa uongo.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Bulla Pesa yote tope. Nilikuwa natembea, nasimama, nakohoa, nashika ukuta wa mtu, natembea. Watoto walinifuata wakidhani ni kichaa. Kiatu kimoja kilibaki njiani na sikurudi kukichukua.

Nimekuta watu wamejaa uani kwa Mutuma, nguo za kanisa, sufuria mekoni. Mugambi amekaa kwa kiti cha mbele, kofia mpya. Kanana ameinama anampa mtoto. Mikono ya Mugambi iko wazi. Mdomo wake ulikuwa tayari.

Nikasema asimguse.

Watu wakageuka. Mugambi akaniona na pajama na mguu mmoja wa tope, na uso wake ukafurahi. Hiyo ndiyo mbaya kuliko yote. Alifurahi kuniona.

"Huyu ni Jarso wa wodini," akawaambia. "Msimsikilize. Hata sindano anaidanganya."

Wakacheka. Kwa kweli ilikuwa nzuri, siku nyingine ningecheka. Nikamwacha yeye nikaongea na Kanana. Nikamwambia nilibadilisha vifuniko ili mimi niende nyumbani, babu wa mtoto abaki. Yaliyo safi ni yangu. Mutuma akanishika kola. Ana haki.

"Mama Mugambi," nikasema, "mimi ni mwongo, waulize wote. Lakini nani anatembea hivi kuja kudanganya kwamba yeye ni mwizi?"

Kanana aliangalia mguu wangu. Halafu akamfunga mtoto kwa kanga, akaingia ndani, na nikasikia komeo.

Mikono ya Mugambi ilibaki pale pale, wazi, kama imebeba. Hakuna aliyecheka. Akaniangalia na sasa alikuwa ameelewa, si habari ya mtoto, habari yangu.

"Ulitaka nibaki," akasema.

Nikasema ndiyo.

Mutuma amenirudisha kwa baiskeli. Kwenye geti aliniambia nishike vizuri, kuna shimo.

Jumatatu, 16 Aprili

Sindano. Sista Rukia amesikia yote, mji mdogo huu. Hakunikaripia. Alichoma taratibu kuliko siku zote na hiyo imeniuma zaidi.

Jumanne, 17 Aprili

Mugambi ameletwa na Mutuma. Ametema mbele ya Sista. Kikopo chake na changu vimeenda maabara pamoja, jina limeandikwa pembeni ya kikopo, si juu ya kifuniko. Sista aliniangalia akiandika. Mimi nimeleta maendeleo kwa hospitali hii.

Ameambiwa angoje humu humu. Kitanda chake kile kile. Amelala akiangalia ukuta.

Nimemsalimu. Hakuitikia. Nimemwita gunia. Hakuitikia.

Alhamisi, 19 Aprili

Jarso, safi. Mugambi, machafu.

Daktari amerudi. Akasema mtu kama mimi afukuzwe, halafu akaona anayenifukuza ananifanyia ninalotaka, akakasirika zaidi. Nitaenda Jumapili, na vidonge vya miezi mingi. Nikiacha hata kimoja, amesema, atakuja Rapsu mwenyewe.

Nilingoja furaha ije. Nimekaa kitandani naingoja mpaka chakula cha jioni.

Mugambi alisikia jina lake likisomwa na hakugeuka. Alivuta shuka. Safari hii haikutetemeka.

Ijumaa, 20 Aprili

Halake ametuma habari. Jirani amemsaidia kuziba mfereji. Ilichukua asubuhi moja. Asubuhi moja tu.

Jumamosi, 21 Aprili

Mvua imekata. Wodi imetulia, hata Mturkana.

Mchana Kanana alikuja nje ya dirisha. Halijafunguliwa, Sista amekataza. Akamwinua mtoto mpaka kwenye kioo. Uso kama ngumi ndogo, macho yamefungwa. Mugambi alitoka kitandani bila kushikwa. Akaweka kiganja kwenye kioo, Kanana akasogeza mguu wa mtoto upande wa pili. Walikaa hivyo muda. Kanana akaniona mimi nyuma ya Mugambi. Akainamisha kichwa kidogo. Nikainamisha changu.

Wameenda. Alama ya kiganja bado iko. Sista amepita na kitambaa na ameiruka.

Nimefunga vitu vyangu, ni vichache. Kesho asubuhi Halake anakuja. Nywele zangu zimekuwa kama kichaka cha mbuzi aliyekufa, siwezi kuingia Rapsu hivi, watadhani hospitali imenishinda. Nimeomba maji moto jikoni. Wembe nimeloweka kwa kikombe. Kikombe nimeweka juu ya stuli, katikati ya vitanda viwili. Nimekaa chini sakafuni, shuka mabegani, mgongo kwake, kichwa karibu na mkono wake.

Nimemwambia bila kugeuka:

"Mzee Mugambi. Kokoto mbili niliiba. Hizo nyingine nilishinda. Ninyoe."