Neno Moja kwa Ajili ya Kinyungu cha Mama

Baba uliyeondoka kabla sijakuuliza,

Nina hasira na wewe, na kufa kwako hakujaipunguza. Acha niiseme.

Uliporudi kutoka kujenga reli kule Makambako, ulituletea habari za Mchina mmoja, fundi wa madaraja mliyekula naye kambini. Alikuambia wazee wa kwao walifundisha kutenda bila kulazimisha mambo, na kumhurumia hata anayekukosea. Ukayashika. Na kweli nilipenda kukutazama shambani. Mfereji uliufungua kidogo tu kwa ncha ya jembe, ukachuchumaa, ukayaacha maji yatafute njia yenyewe. Majirani wanahangaika na jua, sisi tumeshamaliza, tunachoma mahindi.

Lakini kinyungu cha mama, baba! Ile bustani ya bondeni aliyoiinulia matuta kwa mikono yake, iliyotulisha maharage kiangazi chote. Baba mdogo, huyo mdogo wako wa tumbo moja, alikuja akapanda viazi vyake humo kana kwamba mama hayupo. Mama akaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akakuita, akataka kauli yako tu. Ukasema, "Sina ugomvi na mdogo wangu. Mwacheni alime."

Basi, ikaishia hapo. Mama akaenda kulima vibarua mashamba ya watu, nasi tukala ugali kwa chumvi. Wewe umetulia tuli, eti huruma. Huruma gani hiyo inayobebwa na mgongo wa mwenzako? Kunyamaza na kutolazimisha ni vitu viwili, baba. Ungesema tu ni cha mke wangu. Lingekutoa jasho neno hilo?

Sasa baba mdogo anaumwa, miguu imevimba, wanawe wako Chunya wanatafuta dhahabu. Juzi mama alipika uji wa ulezi, akaniambia nimpelekee. Nikamuuliza kama amesahau. Akasema, "Sijasahau. Ana njaa."

Nilikwenda nimenuna. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia, bila kupaza sauti, kwamba kinyungu kile ni cha mama na mvua zikikatika tutakilima.

Akajifuta mdomo.

"Ni chake," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja kaka aniambie."

Pumzika, baba. Mimi bado nimekasirika.

Binti yako wa kwanza